Saa Yenye Laini Yake

Jumatatu, 7 Julai 2025. Magarama, Gitega.

Wamenipita! Baraza la ukoo limekaa leo sebuleni kwa Mama. Wamekula ndizi zangu, wamekunywa chai yangu, kisha wakamchagua Cubaka awe msemaji wetu siku ya mahari. Cubaka! Mtoto wa baba mdogo. Muuza maharagwe. Mtu anayecheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe.

Mdogo wangu Mugisho anamposa Espérance wa Muyinga. Tunakwenda Jumamosi ya wiki ijayo. Baba yetu hayupo tena, kifungua mimba ni mimi, kiti cha Baba ninakikalia mimi. Nani basi aseme? Niliwauliza hivyo nikiwa nimesimama. Wote wakatazama vikombe.

Cubaka akasema kwa upole (upole wake ni sumu) kwamba kule Muyinga watasemezana kwa Kirundi cha ndani, Kirundi cha mafumbo, na Kirundi changu mimi ni cha kuuzia chaja. Yeye amezaliwa hapa. Ananunua maharagwe Nyarusange na Gishubi, anakaa na wazee wa huko, anajua wanavyozungusha maneno. Akaongeza kwamba Damiano, baba mkubwa wa Espérance aliyemlea tangu utotoni, ameshawarudisha wachumba wawili nyumbani kwao kwa sababu wasemaji wao walikuwa na ulimi mzito. Mugisho akaacha kutafuna.

Nilijibu kwamba mimi, Zihalirwa, nilitoka Bukavu na begi moja na leo nina duka la vifaa vya simu. Sikuja duniani kukaa benchi la nyuma!

Mama akakata shauri. "Bon, utasema we. Mais ukitupatisha haya, kiti ya baba yenu atakaa Cubaka. Na Mugisho akikosa bibi juu yako, usikuje tena hapa kwangu kula."

Nimekubali. Sijui nitasema nini huko. Lakini nimekubali!

Jumanne, 8 Julai.

Nimempata mtu. Mwalimu Kasilda, jirani yetu wa nyumba ya pili. Alifundisha miaka mingi, sasa amestaafu, na Kirundi chake kinawafanya hata mapadri wanyamaze wasikilize. Kwa nini asiende yeye? Kwanza goti lake haliwezi safari. Pili, mwanamke hasemi kwenye mahari. Huko wanaume ndio wanaosimama, wanawake wanasikiliza na kupanga sahani.

Nikamweleza mpango wangu: mimi nitakuwa Muyinga, yeye atakuwa kwake Magarama, simu sikioni mwangu, yeye ananong'ona, mimi natamka. Nilidhani atanifukuza. Akasema kwamba wanaume wa mtaa huu wamekuwa wakija mlangoni kwake kuomba maneno, halafu wanayasahau nusu njiani na kuyaharibu nusu iliyobaki. Angependa, mara moja kabla hajafa, maneno yake yafike salama. Akakubali hapohapo.

Nikatoka nikipiga mluzi. Mluzi ukakatika kwa Mugisho. Ameniambia kwamba kwa Damiano kuna kapu mlangoni. Kila mgeni anatia simu yake humo kabla ya kuketi. Sababu? Msemaji mmoja wa zamani alisoma hotuba nzima kwenye simu, mpaka salamu kwa marehemu wasio wa ukoo ule.

Kapu! Mtu mzima anapokonywa simu kama mwanafunzi!

Nikakaa dukani, nikafikiri mpaka chai ikapoa. Simu haziruhusiwi. Sawa. Saa je? Nani aliwahi kumvua mgeni saa? Na Houssein wa Muyinga, ambaye hununua mizigo yake Dubai, ana saa zinazopiga simu zenyewe. Saa yenye laini yake! Cubaka hata hajui kitu hicho kipo.

Ijumaa, 11 Julai. Muyinga.

Mafuta hayapatikani, magari ya abiria yamelala. Nimekuja juu ya lori la mbao kupitia Karuzi. Nimefika mwekundu kwa vumbi, lakini nimefika.

Houssein alinitolea saa kutoka kwenye pamba. Nyeusi, nzito kidogo, kioo kinang'aa. Nikamuuliza kama kweli ina laini yake. Akaapa kwamba ndani yake kuna laini, na kwamba huko Dubai watu wanaacha simu nyumbani, wanakwenda kukimbia na saa tu. Akabonyeza. Saa ikampigia mke wake, Hidaya, nikamsikia kwa masikio yangu akiuliza kama atarudi na nyama. Kutoka kwenye saa! Nilitaka kumkumbatia Houssein. Hidaya pia.

Houssein aliongeza maneno fulani, kwamba ile ni Dubai, na kila nchi ina mambo yake, na heri niulize kwanza kampuni yangu ya simu. Wauzaji wana maneno mengi mtu akishaamua kununua. Akaiunganisha na simu yangu ili ichukue saa na tarehe. Nikamwachia redio yangu kubwa na katoni za chaja kuwa malipo. Yeye alisita. Mimi sikusita.

Jumapili, 13 Julai. Magarama.

Leo baada ya misa nimelitafuta tundu la kutilia kadi ya laini. Hakuna. Nimegeuza saa juu, chini, ubavuni. Kuna vitufe viwili na kitundu kidogo kama cha sindano. Nikafikiri: kadi za siku hizi ni ndogo, huenda ya saa ni ndogo zaidi. Zamani si tulikuwa tunazikata kwa mkasi zikaingia simu mpya? Kila mtu wa Magarama amekata kadi! Nikatoa kadi yangu kwenye simu. Nikaikata. Ikawa bado kubwa. Nikaikata tena.

Sasa saa haina laini na simu haina laini.

Mama ameniona na wembe na saa, akauliza ninafanya nini. Nimemwambia ninajiandaa kwa mahari. Akaniangalia, akaenda kusali tena.

Jumatatu, 14 Julai.

Wakala wa simu. Binti wa kaunta anaitwa Raissa, ana kucha ndefu na subira fupi. Alitazama vipande vya kadi yangu, akawaita wenzake waje kuona. Walikuja.

Kisha akanifafanulia. Saa hii haitiwi kadi. Laini yake haishikiki, kampuni ndiyo inayoituma ndani kwa njia ya hewa. Na kampuni haiwezi kuituma mpaka iwe imejiandaa kwa saa: namba moja igawanywe kati ya simu na saa. Kampuni yake haijaanza huduma hiyo. Nchi nyingine zipo zenye kampuni zilizokwisha kuanza, nyingine bado, na hata huko kwenye huduma, mara nyingi saa ikivuka mpaka inaikosa laini yake.

Nikasimama wima. Nikamwambia Gitega ni mji mkuu wa siasa wa nchi hii. Mji mkuu! Mtu wa Dubai anakimbia na saa yake, na mimi wa mji mkuu nibebe simu? Nikataka kumwona mkubwa wake. Nikamuuliza ni wateja wangapi wamelalamika.

"Papa, ni we peke yako tu," alisema. "Hapa laini ya saa haiko. Iko ya simu tu. Nikupe puce ingine?"

Nimechukua kadi mpya. Lakini nimeichukua kwa dharau.

Jumatano, 16 Julai.

Burundi si nchi pekee duniani. Nilimpigia dada yangu Bora aliye Bukavu, nikamtuma aende kuuliza huko kama wanaweza kunipa laini ya saa. Alikwenda. Walidhani anauliza saa za kufungua ofisi, wakamwandikia kwenye karatasi. Aliporudi mara ya pili walimtaka awaletee hiyo saa waione. Bora akasema hawezi kuwaletea kitu kilicho kwenye mkono wa mjinga. Namsamehe, ni mdogo.

Nikampigia Sefu, fundi redio wa Muyinga aliyekulia Tanzania. Muyinga ni karibu na mpaka, na Sefu mwenyewe huwa anapanda kilima kushika mtandao wa ng'ambo. Nikamwambia: tukipata laini ya huko, si itanifuata mpaka nyumbani kwa Damiano?

Sefu hana haraka na maneno. "Kaka Zihalirwa," alisema, "hata ukikubaliwa huko, ambalo silijui, nyumba ya mzee Damiano iko bondeni. Utawaomba wakwe wahamishie mahari kilimani?"

Niliuliza kilima kina ukubwa gani. Akakata simu.

Jioni Cubaka akapita dukani. Amesikia habari za kadi iliyokatwa, mtaa mzima umesikia. Akajitolea kusema badala yangu, bila maneno mengi, bila aibu kwangu, nitasema ninaumwa koo. Mugisho alikuwa nyuma yake. Alikuwa anaitazama picha ya Espérance kwenye simu yake, akiikuza na kuipunguza. Iliniuma kidogo. Lakini koo langu ni zima! Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani. Mimi ni mkubwa wa nyumba.

Alhamisi, 17 Julai.

INAFANYA KAZI!

Nilikuwa nimekaa uani nimekasirika, nikabonyeza saa kwa hasira tu, jina la Kasilda. Ikaita! Mwalimu akapokea! Simu yangu ilikuwa chumbani kwenye chaji. Nikatembea na saa mpaka jikoni: anasikika. Mpaka kwenye mti wa parachichi: anasikika kwa mikwaruzo. Nikatoka barabarani: kimya, na nyuma yangu simu chumbani ikaanza kuongea peke yake kwa sauti kubwa. (Simu yangu ni ya kupaza tu tangu ilipoanguka kwenye sufuria ya maharagwe, kile kispika cha sikioni kilikufa. Ndiyo sababu Magarama yote inajua mambo yangu.)

Kwa hiyo saa inaazima laini ya simu, mradi simu iwe karibu. Sasa fikiri, Zihalirwa! Kapu liko wapi? Mlangoni. Mlango uko wapi? Karibu na kiti cha msemaji! Sihitaji kampuni ya mtu, wala kilima cha mtu. Damiano mwenyewe atanishikia simu yangu kwenye kapu lake. Nimecheka mpaka kikohozi.

Tumefanya mazoezi na Mwalimu mchana kutwa. Ninaegemeza shavu kwenye kiganja, saa inakuwa karibu na sikio, ninaonekana kama mzee anayetafakari. Hata Mama amesema uso wangu umepata akili. Mugisho ametabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 19 Julai. Muyinga.

Niandike yote kabla wengine hawajayapotosha.

Tulifika salama, tumevaa vizuri, vinywaji vyetu vimetangulia. Kapu lilikuwa mlangoni kama nilivyopanga. Nikampigia Kasilda kwa saa, nikaitia simu kapuni mimi mwenyewe, wa kwanza, kwa heshima. Damiano akanisifu kwamba mimi ni mtu wa adabu.

Ni mzee mrefu, hana haraka, anakutazama mpaka ukumbuke madhambi yako. Yeye ndiye mwenye nyumba na ndiye msemaji wao. Alianza kwa kuuliza kama tumepotea njia ya soko. Nikaegemeza shavu. Nikanong'onezewa. Nikatamka kwamba soko tumelipita, kilichotuleta hakiuzwi sokoni. Wazee wakaguna vizuri. Damiano akasema nyumba hii haina msichana, ina mbuzi tu. Nikasema basi tunamwomba yule mbuzi aliyemaliza shule ya uuguzi. Vicheko! Akasema mbuzi huyo anakula sana. Nikasema mbuzi asiyekula ni mgonjwa, na sisi hatukuja kuposa mgonjwa. Wakapiga makofi! Cubaka alinitazama kama anayeona kaburi linafunguka. Ningekufa wakati huo ningekufa mtu mkubwa.

Kisha Damiano akaacha mzaha. Alisema sasa anauliza kwa moyo. Espérance atakwenda kuishi kati ya watu ambao wakiwa peke yao husema Kishi, lugha ya kwao Bukavu asiyoijua. Siku watakapokosana naye, siku watakaposemezana juu ya kichwa chake, nani katika nyumba hiyo atasema kwa ajili yake?

Nikaegemeza shavu. Kimya. Nikabonyeza shavu zaidi. Kimya! Nikatazama mlangoni. Kapu halipo! Klara, mdogo wa Espérance, aliogopa vinywaji visimwagikie simu za wageni, akalibeba kulipeleka nyumba ya nyuma.

Nani atasema kwa ajili yake? Ukumbi mzima uliningoja. Nilitafuta neno moja la Kirundi. Yalinijia bei za chaja. Mugisho alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye pazia la chumba cha ndani niliona vidole vya mtu vimelishika kwa nguvu, na nikajua ni vya Espérance.

Ndipo kapu likasema.

Kutoka uani, kwa sauti kubwa, kwa Kirundi kilichonyooka, Mwalimu Kasilda aliniamuru niache kulala. Akasema nimjibu mzee kwamba pale Magarama, nyumba ya pili kutoka kwetu, yupo mwanamke wa Kirundi asiye na mtoto wa kike. Siku Espérance atakapoonewa, mwanamke huyo atakuja na fimbo yake, hata goti likiuma, na hatatoka mpaka maneno yote yametafsiriwa. "Na uyaseme yote, Zihalirwa, usiyakate kama ulivyokata ile kadi!"

Klara akapiga yowe, akaliweka kapu chini. Watu wakasimama. Mtu mmoja akafanya ishara ya msalaba. Damiano akauliza ni nani yuko kapuni. Kasilda, ambaye alikuwa hajui kwamba anasikika, akamuuliza yeye ni nani anayemkatiza.

Wakazozana. Wazee wao wawili walisema tutozwe faini na tufukuzwe, mwanamke hasemi kwenye mahari. Damiano alinyanyua mkono. Akasema wachumba wawili wamekaa pale kabla yetu, na wasemaji wao alipowauliza swali hilo walimjibu kwa methali. Huyu amejibu kwa fimbo. Mila inakataza mwanamke kusimama kati yao, na huyu hajasimama, yuko kapuni. Akaamuru kapu liletwe liwekwe kwenye kiti cha msemaji wetu.

Kwenye kiti changu! Nilifungua mdomo kukataa. Wakati huohuo saa ikatetemeka mkononi, ikanishauri kwamba nimekaa sana, nisimame ninyooshe miguu.

Nilikaa nyuma, kati ya makreti. Damiano na kapu walisemezana muda mrefu, wakitaniana, wakipigana mafumbo, na watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mwisho Espérance akatolewa. Alipita mbele ya Mugisho, akainama kwanza mbele ya kapu, akashukuru: "Murakoze, mama." Simu ikanyamaza. Tulidhani chaji imeisha, kumbe ni Mwalimu Kasilda analia.

Mugisho alinikumbatia. "Yaya, kaka yangu, we uko mwehu," alisema, "lakini niko na bibi." Simu ilikuwa yangu, niseme wazi. Bila simu yangu kapu lile lingekuwa kapu tu.

Jumapili, 20 Julai. Bado Muyinga.

Mama ametoa hukumu asubuhi, kabla ya chai. Kiti cha Baba kinakwenda kwa Cubaka. Sikumlilia. Nilimwambia mchumba amepatikana, ukoo umesifiwa, na Damiano amemwalika Mwalimu Kasilda awe mgeni wa heshima siku ya harusi, atatumiwa gari. Kazi ya nani hiyo? Mama akasema ni ya Kasilda na ya Mungu.

Akaniachia mlango mmoja wazi. Harusi ni Agosti. Siku hiyo nikisimama mbele ya wote na kutoa shukrani za ukoo kwa Kirundi, kiti kitarudi. Lakini kwa mdomo wangu mwenyewe, amesema. Hakuna kitu mkononi, hakuna kitu sikioni, hakuna kitu kapuni. Cubaka, kwa ule upole wake, amejitolea kunifundisha kila jioni, bure. Kasilda naye ametuma neno kwamba mlango wake uko wazi, niende na daftari. Mimi! Na daftari! Nimewashukuru wote wawili kwa kichwa tu.

Nikapita kwa Houssein kumrudishia saa yake na kumweleza ninachofikiri juu ya Dubai. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu muungwana. Ila nyuma yake, kwenye pamba, niliona kitu kipya. Miwani. Anasema ndani ya kioo chake maneno yanapita, yanasomeka na mwenye kuivaa tu, wengine wanaona miwani ya kawaida. Nikamuuliza inataka laini ya nchi gani. Akaanza kusema kwamba heri niulize kwanza kampuni yangu ya simu, nikamwambia aifunge vizuri, barabara ya Karuzi ina mashimo.

Mama alisema mkono, sikio na kapu. Macho hakuyataja.